Bwana Wangu Alirudisha Mwaka Nyuma, Yaya Wangu Akapoteza Nyumba

"Mheshimiwa juge, mimi sijawahi kugusa ordinateur ya huyu mama."

Huyu mama ni mimi.

Na aliyesema hivyo ni bwana wangu wa ndoa! Baba wa watoto wangu! Asubuhi ile ile nilikuwa nimempigia pasi shati alilovaa akisimama pale mbele ya tribunali...

Nilimwangalia. Akaangalia dirisha.

"Papa Élysée," juge akamuuliza tena, "umeinua mkono ukaapa. Hujawahi kubadilisha tarehe kwenye hii mashine?"

"Mimi ni fundi wa magari, mheshimiwa. Nafungua boulons tu. Mambo ya ordinateur ni ya bibi yangu."

Weee!

Nyuma yangu nikamsikia yaya wangu Victorine, dada yangu mkubwa, akiuliza kwa sauti ndogo, "Chimène, anasema nini? Mbona anasema vile?"

Ndugu zangu mnaosoma hapa, kaeni mnisikilize, kwa sababu hata leo sijui nimlilie nani.

Mimi naitwa Chimène, niko Kasongo hapa hapa. Kazi yangu ni secrétariat. Ni kile kibanda chenye meza moja, ordinateur moja, yaani kompyuta, na imprimante moja, ambapo watu wanakuja kuandikishiwa barua na kutoa photocopy. Barua ya kuomba kazi, programu ya ndoa, karatasi ya parcelle, yaani ya kiwanja... vyote vinapita kwenye vidole vyangu.

Ile ordinateur niliinunua mwenyewe, kwa jasho langu. Hata jina langu nililiandika chini yake kwa rangi ya kucha, ili asije mtu akaniletea maneno.

Bwana wangu Élysée ana garage nyuma ya kibanda changu. Tunatengana ukuta mmoja tu, wa mabanzi. Mtaani wanamwita Baba Feza, kwa jina la binti yetu mkubwa, na mimi Mama Feza.

Zamani Baba Feza alikuwa anasikiliza moteur kwa sikio. Anaweka bisibisi kwenye chuma, sikio kwenye mpini, anafumba macho, halafu anakuambia ugonjwa. Na hakosi! Nilimpendea hiyo, wala siwafichi.

Lakini magari yanayokuja siku hizi yana akili yao ndani. Taa ya moteur ikiwaka mbele ya dereva, sikio halisaidii kitu. Inabidi uchomeke waya kwenye gari, upande wa pili uchomeke kwenye ordinateur, na logiciel, ile programu ya ndani yake, ikusomee gari inaumwa wapi.

Logiciel ya kweli inanunuliwa, na kila mwaka unailipia upya. Baba Feza hakuinunua. Rafiki yake wa Kindu alimtumia kwenye flash, imefungwa ndani ya sashe ya plastiki, mkononi mwa mtu wa pikipiki. Ilikuwa imevunjwa kufuli. Ya wizi, tuseme tu.

Pamoja na flash, yule rafiki akamtumia na message ya sauti:

"Élysée, zima antivirus kabla ya kuiweka. Na kila ukitaka kuitumia, rudisha mwaka nyuma, kwa maana ruhusa yake iliisha mwaka jana. Ikiona mwaka mpya inakataa kufunguka. Na internet kamwe! Ikionja internet tu, umekwisha."

Hiyo message mimi sikuisikia. Nimekuja kuisikia mambo yalipokwisha kuharibika!

Mimi nilichoambiwa ni hiki:

"Mama Feza, niazime mashine yako nusu saa. Nitakurudishia vile vile."

Sasa wewe dada unayesoma, utamnyima bwana wako? Nikamwazima. Mara moja, mara mbili... mwisho ikawa kila wiki, hata haombi, anapitisha tu mkono dirishani.

Siku na mwezi alikuwa havigusi. Alibadilisha mwaka tu, kwa sababu ndiyo njia fupi. Akimaliza gari, anarudisha mwaka. Akikumbuka.

Saa ya simu yako ikipotea inajirekebisha, kwa sababu inaongea na mtandao. Ordinateur yangu haikuongea na mtu. Réseau ya kwetu mnaijua, internet kibandani sikuwa nayo. Ukiiambia ni mwaka jana, inabaki mwaka jana mpaka mtu aje aitoe.

Sasa nije kwa yaya wangu.

Yaya Victorine ndiye aliyenilea, mama alipofariki nikiwa bado natambaa. Yeye aliolewa Wamaza, kule Kabambare. Bwana wake alikwenda Salamabila kutafuta dhahabu. Akaipata au hakuipata sijui, lakini bibi mwingine alimpata, akabaki huko huko.

Yaya akabaki na watoto wanne na shamba la karanga. Halafu wakaanza watu wa bunduki. Alikimbia porini mara ya kwanza, akarudi. Akakimbia mara ya pili, akarudi akakuta nyumba haina mlango.

Alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia:

"Chimène, nataka pahali ambapo watoto wangu wakilala hawavai viatu."

Nililia siku ile, jamani. Watoto walikuwa wanalala na viatu miguuni, tayari kukimbia!

Akauza mbuzi. Akauza cherehani yake. Akauza karanga zote, hata zile za mbegu. Papa Antoine, mzee mmoja mpole wa mtaa wa pili, alikuwa na parcelle asiyoitumia, wakapatana. Yaya akamlipa yote mkononi, hakuna aliyebaki anamdai mwenzake.

Tarehe 14 mwezi wa tatu, mwaka 2024, wakaja kibandani kwangu kuandikisha karatasi. Nilifurahi! Nikamwambia yaya, "Hii naandika bure, kwa mikono yangu."

Mashine ilikuwa imetoka garage dakika ile ile. Baba Feza aliipitisha dirishani na vidole vya mafuta, akarudi mbio kwenye gari aliyokuwa anaitengeneza.

Nikaandika. Majina. Mipaka. Tarehe mimi siandiki, mashine inaiweka yenyewe chini ya karatasi. Nilikuwa najivunia hiyo, najiona nimeendelea kuliko wenzangu.

Kisha nikasoma kwa sauti, mara mbili, kama inavyofanyika kwetu. Karatasi ya parcelle lazima isomwe, wote wasikie, kwa sababu si wote wanajua kusoma. Yaya Victorine hajui.

Papa Antoine alinisahihisha. "Hapana, mutoto wangu. Mpaka hauko kwenye mchikichi. Iko pale kwenye jiwe."

Nikarekebisha jiwe. Nikasoma tena. Watu wakatikisa kichwa.

Tarehe nani anaisoma? Kila mtu pale alijua leo ni leo!

Papa Antoine akaweka kidole. Mdogo wake akaweka sahihi kama shahidi, kwa sababu desturi inataka shahidi atoke upande wa muuzaji, ili kesho ukoo usiseme haukujua. Chef de quartier wetu, mkuu wa mtaa, Chef Hemedi, akapiga cachet, muhuri wake. Nikatoa nakala mbili, moja ya yaya, moja ya ukoo wa mzee.

Chini ya zote mbili mashine ilikuwa imeandika: 14 mwezi wa tatu, mwaka 2023.

Hakuna aliyeona. Hata mimi, mwenye macho yangu mawili!

Yaya akafyatua matofali. Watoto wakachota maji, mimi nikapika, Baba Feza mwenyewe akapanda juu kupigilia mabati. Yule yule aliyesema hajui kitu! Nyumba ikasimama, vyumba viwili na baraza. Nyuma akapanda muhogo.

Usiku wa kwanza nililala kule pamoja nao. Yaya alipanga viatu vya watoto mlangoni, jozi nne, akaviangalia muda mrefu.

Mwezi wa sita Papa Antoine akafariki. Tulikwenda kumlilia. Yaya alibeba chungu cha sombe na fungu la kuni.

Arobaini haijafika, akaja Joël.

Joël ni mtoto wa Papa Antoine, mfanyabiashara wa Salamabila, mwenye jeep nyeusi. Hakubisha hodi. Aliingia mpaka barazani akiwa na photocopy mkononi.

"Mama, utatoka lini kwenye parcelle ya baba yangu?"

Yaya alifikiri anatania. "Mutoto wangu, baba yako aliniuzia. Karatasi iko."

"Karatasi ninayo. Soma tarehe."

"Mimi sijui kusoma..."

"Basi mwite mdogo wako akusomee."

Akatuma mtoto kuniita, nikasoma. 2023!

Mnaelewa ubaya wake? Chef Hemedi alianza kuwa chef Januari 2024. Mwaka 2023 chef alikuwa mtu mwingine kabisa! Kwa hiyo karatasi ya yaya ilikuwa na cachet ya chef ambaye bado hajawa chef. Mtu yeyote akiiona atasema ni ya kutengenezwa. Na muuzaji yuko kaburini.

Wiki nzima nilijilaumu. Nilijiambia labda niligusa pahali vibaya. Nilikuwa naamka naangalia vidole vyangu.

Baba Feza alikuwa ananiangalia nikijilaumu. Anakula, anakunywa chai, ananiambia, "Pole, Mama Feza, kila mutu anakosea."

Joël akapeleka neno tribunali.

Siku ya kusikilizwa tulikwenda wote. Mdogo wa Papa Antoine, shahidi wetu, alikuwa amekaa upande wa Joël. Parcelle ikirudi ni ya ukoo, na sasa ina nyumba juu yake. Akasema uzee umemsahaulisha.

Juge akamwita Chef Hemedi.

"Chef, hii cachet ni yako?"

Chef Hemedi aliiangalia, akaigeuza. Akikubali, ataulizwa ilikuwaje apige cachet kwenye karatasi ya mwaka ambao hakuwa chef.

"Mheshimiwa, mwaka 2023 mimi sikuwa chef. Hii karatasi siijui."

Yaya akasimama. "Chef! Ulikunywa maji kwangu siku ile!"

"Kaa chini, mama," juge akasema.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilikuwa nimebeba ordinateur ndani ya kitenge. Nikainua mkono.

"Mheshimiwa, mashine yenyewe itasema! Karatasi iko ndani, na mashine inakumbuka siku iliyoandikwa!"

Greffier, karani wa tribunali, akaichukua. Anaijua kazi yake yule bwana. Akafungua, akabonyeza, akasoma kwa sauti:

"Imeandikwa tarehe 14 mwezi wa tatu, 2023."

Tribunali nzima ikaguna. Joël akatabasamu.

Mashine yangu mwenyewe ilikuwa imenishtaki!

Greffier akaniangalia, akauliza taratibu, "Mama, hakuna mutu mwingine anaitumia? Mutu wa kubadilisha tarehe?"

Nikageuka. Baba Feza alikuwa amekaa benchi la nyuma, kichwa chini, anasugua vidole vyake vyenye mafuta ambayo hayatoki hata kwa sabuni.

Ndugu zangu, nilielewa pale pale.

"Bwana wangu anaiazima kwa kazi ya magari," nikasema. "Muulizeni yeye."

Wakamwita mbele. Akaapa. Na mengine mmeshayasikia.

Juge akafunga dossier. "Hukumu kesho asubuhi saa tatu. Mwenye kitu kingine akilete kabla."

Tulifika nyumbani mchana, nikamfuata mpaka garage.

"Baba Feza, kwa nini?"

"Teremsha sauti."

"Kwa nini?!"

Akakaa juu ya tairi. "Kuna shirika limenipa kazi ya magari yake yote. Walitaka fundi mwenye logiciel ya kununuliwa. Nimesaini karatasi kwamba ninayo. Nikisema mbele ya watu wote natumia ya wizi, kesho wananifukuza. Feza atasoma na nini?"

Karatasi hiyo naijua. Niliiandika mimi mwenyewe! Nilimwandikia bwana wangu uongo wake, nikamtolea na nakala, bila kujua ni uongo!

"Na yaya wangu?"

"Yaya yako ni mutu wa kuvumilia. Atapata pahali pengine."

Nilimpiga kofi. Siombi msamaha kwa hilo.

Nikaenda kibandani, nikajifungia na mashine. Sikujua natafuta nini. Nilifungua kila kitu kilichokuwa cha Baba Feza. Na mle ndani nikakuta logiciel ilikuwa inaweka kumbukumbu ya kila gari iliyosomwa: tarehe, namba ya plaque, kilomita, jina la mwenye gari.

Nikatafuta 14 mwezi wa tatu.

Ilikuwepo. Gari moja tu. Jeep nyeusi. Mwenye gari: Joël!

Nilipiga ukuta wa mabanzi kwa ngumi.

"Baba Feza! Siku ya karatasi ya yaya ulikuwa unatengeneza jeep ya Joël?"

Nikapiga tena.

"Jibu!"

"...Ndiyo."

"Yeye alikuwepo?"

"Alikuwa amekaa pembeni yangu."

"Alikuona ukibadilisha mwaka?"

Nikamsikia akiweka bisibisi chini.

"Aliniuliza kwa nini nafanya vile. Nikamweleza. Nilijisifu tu, Mama Feza... Nilimwambia hii mashine naichezea ninavyotaka."

Yesu wangu! Huu ukuta unapitisha hata kikohozi. Joël alikaa pale, akasikia sauti ya baba yake akisahihisha mipaka upande wa pili. Alijua baba yake anauza. Alijua mwaka wa mashine ni wa uongo. Akanyamaza! Akamwacha yaya afyatue matofali, apigilie mabati, apande muhogo. Akangoja baba yake azikwe.

Lakini nilipoangalia tena ile kumbukumbu, nikaona njia. Sikilizeni: Kasongo nzima inajua jeep ya Joël ilifika mwezi wa pili, 2024. Aliizungusha mjini na muziki, watoto wakaikimbilia. Douane, watu wa ushuru wa mpakani, wana karatasi zake. Sasa mashine inasema jeep hiyo ilisomwa hapa Kasongo mwaka 2023, kabla haijaingia nchini? Haiwezekani! Kwa hiyo mwaka wa mashine ni wa uongo, na karatasi ya yaya ni ya kweli!

Nikampigia greffier simu.

"Nimepata! Nikupigie picha?"

"Picha hapana, mama. Wewe ndiye unashtakiwa kutengeneza karatasi, picha yako nani ataipokea? Nitumie fichier yenyewe niiweke kwenye dossier kabla juge hajaisoma jioni. Ama lete mashine kesho."

Ama lete mashine kesho! Alinipa njia mbili, nami nikachagua ya kifo.

Niliogopa Baba Feza ataifuta usiku. Nilitaka itoke mikononi mwangu sasa hivi. Nikafungua internet ya simu yangu, nikaiunganisha na ordinateur.

Kwa mara ya kwanza tangu ile flash iingie, mashine ikaonja mtandao.

Dakika moja. Mbili. Ventilateur, feni ya ndani, ikaanza kupiga kelele. Picha ya watoto wangu kwenye écran ikatoweka. Ukaja ukurasa mwekundu wenye maandishi ya kigeni, na saa inayohesabu kurudi nyuma.

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nikazima, nikawasha. Mwekundu ule ule!

"Baba Feza!"

Alikuja mbio, akaona, akashika kichwa.

"Uliweka internet?!"

"Nilikuwa natuma..."

"Alisema kamwe! Alisema ikionja internet tumekwisha!"

"Alimwambia nani? Mimi nani aliniambia?!"

Ndipo akanisikilizisha ile message ya sauti ya Kindu. Ile ile. Nilikaa chini kwenye sakafu ya kibanda changu nikaisikiliza mpaka mwisho, mara tatu, kama mjinga.

Kila kitu kilifungwa. Barua za watu, karatasi za watu, kumbukumbu ya jeep. Wezi wa mbali, ambao sitawaona maisha yangu yote, walikuwa wamekaa ndani ya mashine yangu wakingoja mlango.

Baba Feza alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwa msiba wa mama yake.

"Kesho nitasema ukweli," akasema. "Kazi ipotee."

Na alisema! Lazima nimpe haki yake. Saa tatu kamili alisimama mbele ya juge, shati bila pasi safari hii, akasema yote. Logiciel ya wizi. Mwaka. Joël pembeni yake. Alisema mpaka sauti ikamkauka, na mtu wa shirika alikuwa amekaa pale pale anasikia.

Yaya alinishika mkono.

Juge alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Papa Élysée, jana uliapa hapa kwamba hujagusa hii mashine. Leo unaapa umeigusa. Nikuamini yule wa jana ama huyu wa leo?"

"Wa leo, mheshimiwa..."

"Kwa nini?"

Baba Feza akageuka akaniangalia.

Mdogo wa Papa Antoine akacheka kwa sauti. "Bibi yake amempiga usiku!"

"Mashine iko wapi?" juge akauliza.

Nikaitoa kwenye kitenge. Greffier akaifungua. Mwekundu.

"Hii inasema nini?"

"Inasema vitu vyote vimefungwa, mheshimiwa. Inataka kulipwa. Na hata ikilipwa, siwezi kuahidi kama itafunguka."

"Kwa hiyo ushahidi hauko."

Greffier aliniangalia kwa huruma. Nadhani alijua. Nadhani hata juge alijua, kwa sababu alisoma hukumu akiangalia meza. Karatasi ni batili. Parcelle na kilicho juu yake vinarudi kwa warithi wa Antoine. Victorine apewe siku thelathini. Mimi nimeonywa, na nishukuru sijafungwa.

Nilishukuru, mnaona? Nilisema "asante mheshimiwa" kwa mdomo wangu.

Wanatuambia tukate rufaa Kindu. Tukate na nini? Mafundi wawili wa ordinateur wamejaribu ile mashine, wote wamenirudishia wakitikisa kichwa. Shirika limemfukuza Baba Feza siku ile ile. Sasa anatengeneza pikipiki. Tunalala chumba kimoja, tunaongea habari za chumvi na sabuni basi.

Yaya hakunitukana. Angenitukana ningepumua!

Juzi alitaka barua ya kumwomba Joël amwache avune muhogo wake kabla hajatoka. Nilimwona anakuja na mwanawe wa pili, nikasimama mlangoni kumpokea. Nilisahau sina mashine, nilikuwa nimeshavuta kiti.

Hakuingia. Alinisalimia vizuri, akavuka barabara, akaingia secrétariat ya mama Subira, mwenzangu wa upande wa pili. Akalipa kama mteja yeyote.

Kutoka mlangoni kwangu nilimsikia Subira akimsomea barua. Ilipokwisha, yaya aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Nisomee na tarehe," akasema. "Mwaka pia. Halafu mwonyeshe mutoto, na yeye aone."

Niliingia ndani nikakaa.

Ninyi mafundi mnaosoma hii, najua logiciel ya kweli ni ghali, na najua njaa. Siwahukumu. Lakini ile ya wizi mkiiweka, iwekeni kwenye mashine yake peke yake, isiyoandika jina la mtu. Mkisema uongo kwa mashine, mashine nayo itausema kwa watu wengine, na hamtajua utamfikia nani. Na mkishaona kosa, semeni siku ya kwanza. Ya pili hawatawaamini.

Na ninyi akina mama wa secrétariat, someni tarehe kwa sauti. Hata wakicheka.

Muhogo Joël amekataa. Amesema umo ndani ya parcelle.

Yaya Victorine anarudi Wamaza Jumatatu. Pikipiki mbili zinakuja saa kumi na mbili asubuhi, moja yake na wadogo, moja ya wakubwa na masufuria. Nilimwambia nitakuja mapema nimsaidie kufunga mizigo.

Ameniomba nisije.